Diski Iliyovuliwa Nailoni Bila Idhini Yangu

Kwa Dada Mkubwa,
Mwenyekiti wa Kikao cha Familia.

Mheshimiwa Dada,

YAH: KUVULIWA NAILONI KWA DISKI YA KOMPYUTA BILA IDHINI YA MWENYE NYUMBA

Nakusalimu kwa heshima zote unazostahili kama mkubwa wetu, na kwa zile za ziada unazostahili kwa kumpa mke wangu chumba. Mimi ni mzima. Nyumba nayo ni nzima. Hakuna kilichovunjika, hakuna kilichochubuka, na kwa kuwa sasa niko peke yangu hakuna hata anayekaribia kukivunja. Nakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na jambo hili linahitaji mpangilio.

Najua umeshasikia upande wa wifi yako. Alifika kwako akiwa ameikumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa, na mtu anayefika namna hiyo huaminiwa kabla hajafungua mdomo. Mimi nimebaki huku sina cha kukumbatia, kwa hiyo naomba nisikilizwe kwa maandishi. Ninachotaka ni kimoja tu, kompyuta irudi nyumbani. Malalamiko nimeyapa namba ili usipotee njiani, na ukiona mahali nimepandisha sauti, ujue ni kalamu.

Kwanza historia fupi, kwa faida ya wajumbe ambao hawaijui. Wifi yako anatengeneza albamu. Wapiga picha wanamletea picha za harusi na mahafali, yeye anazichambua, anasawazisha rangi, anazipanga ukurasa kwa ukurasa. Kazi yote hiyo inafanyika kwenye kompyuta ya mezani, ile ndogo, isiyozidi mkate wa dukani, ambayo aliichagua kwa sababu nyumba yetu haina nafasi. Nafasi ipo, isipokuwa imehifadhiwa kwa ajili ya wageni.

Diski ya zamani ilikuwa imechoka. Akifungua picha moja, anakwenda kuchemsha chai, anarudi, picha bado inajitokeza nusunusu. Ndipo kaka yake, yaani shemeji yangu ambaye ni fundi wa kompyuta, akashauri inunuliwe diski ya kisasa, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani, wenyewe wanaziita SSD. Nilikubali. Naomba iandikwe mahali kwamba nilikubali. Matatizo yote yalianza baada ya mimi kukubali.

LALAMIKO LA KWANZA: UFUNGUAJI WA BOKSI

Shemeji alikuja Jumamosi mchana. Nilikuwa nimemwandalia wembe, gundi ya karatasi na mfuko wa kuhifadhia boksi. Yeye akalichana boksi kwa kidole gumba huku akimsimulia dada yake habari za mpira.

Dada, unajua mimi nimekuwa mtunza stoo maisha yangu yote ya kazi. Siku naagwa meneja alisimama akasema mashine nilizokabidhiwa nikiwa kijana nimezirudisha zikiwa na lebo zake. Watu walicheka, nami sikuona cha kuchekesha. Ni kweli kwamba baadhi ya mashine hizo hazikuwahi kutumika, lakini hilo ni swali la idara nyingine. Kitu kikishafunguliwa kinaanza kuzeeka papo hapo, na kazi yangu mimi ilikuwa kuichelewesha siku hiyo. Boksi lile nimelibandika upya. Liko juu ya kabati la nguo pamoja na wenzake.

LALAMIKO LA PILI: SKRUBU

Diski ilipotoka nilidhani tumetapeliwa. Ni kijibao chembamba, kinalingana na kipande cha chingamu, na eti picha zote za wifi yako zinaingia humo. Kabla ya kukigusa, shemeji alishika kwanza bati la kompyuta, akasema anatoa umeme wa mwilini usije ukaiua diski. Nilimwacha, kila fundi ana mambo yake. Halafu akaichomeka kwenye tundu lake ikiwa imeinuka upande mmoja, kama mtu anayejivuta kuamka kitandani, akailaza taratibu kwa kidole, akaifunga kwa skrubu moja.

Moja, Dada. Niliuliza zingine ziko wapi, akaniambia, "Shemeji, ni hiyo hiyo tu." Mguu wa meza yetu una skrubu nne na haujawahi kukabidhiwa hata picha moja. Nikaomba aongeze japo ya pili, akasema hakuna tundu la pili. Kwa hiyo kazi nzima ya mke wangu imeshikiliwa na kidude kidogo kuliko punje ya mchele, na aliyekifunga alikuwa ameshakidondosha kwenye zulia, tukakitafuta wote watatu tumepiga magoti. Bahati nzuri zulia letu lina nailoni juu yake, kwa hiyo kilionekana upesi. Nilimwonyesha shemeji faida hiyo, akageukia kompyuta.

LALAMIKO LA TATU: NAILONI YENYEWE

Hapa ndipo kesi ilipo, naomba usome ukiwa umetulia.

Shemeji alieleza kwamba diski hizi zikifanya kazi nzito hupata joto, na ndani ya boksi dogo kama lile joto halina pa kwenda. Kwa hiyo alikuwa amekuja na bamba la aluminiamu lenye meno kama kitana, la kulazwa juu ya diski ili linyonye joto na kulitawanya. Kati ya bamba na diski inakaa pedi laini ya kijivu, inayonata, na hiyo ndiyo inayopitisha joto kutoka huku kwenda kule. Mpaka hapo tulikuwa pamoja. Lakini pedi hiyo ilikuja imefunikwa nailoni nyembamba ya buluu pande zote mbili, na shemeji akaanza kuibandua.

Nilimshika mkono. Sikumshika kwa ubaya. Nilimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba humu ndani hatubandui. Wewe nyumba yetu unaijua. Televisheni bado ina karatasi yake pembeni inayoeleza sifa zake zote, na tunatazama taarifa ya habari pale ilipobaki nafasi. Friji ina nailoni mlangoni. Rimoti iko ndani ya mfuko wake na tunabonyeza kwa kukisia. Makochi yana nailoni tangu yaliposhushwa kwenye gari, na wewe mwenyewe ni shahidi, maana uliwahi kuteleza ukaishia sakafuni mbele ya wageni. Ulisema kosa ni la gauni, na mimi nilikuunga mkono.

Shemeji akasema nailoni itazuia joto kupita. Nikamuuliza, ukikanyaga mchanga wa mchana ukiwa na ndala, joto halikufikii? Akasema linafika kidogo. Nikamwambia basi hicho kidogo kinatosha. Akamtazama dada yake. Dada yake akatazama dirishani. Shemeji ni mtu wa heshima zake, akaiweka pedi na nailoni zake zote mbili, na kwa kuwa bila kubanduliwa haikuwa inanata, akalifungia bamba kwa vibanio vya pembeni. Nilimpongeza. Nilimwambia hata tukija kuiuza diski siku za mbele, pedi itakuwa mpya kabisa. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kuiuza, lakini ni vizuri kuwa tayari.

LALAMIKO LA NNE: KUIVUA KOMPYUTA MAVAZI

Bamba lilikuwa nene, mfuniko ukagoma kufunga. Shemeji akashauri kompyuta ikae wazi kwa siku chache mpaka apate bamba jembamba zaidi. Kompyuta bila mfuniko ni sawa na mtu kupokea wageni na fulana ya ndani. Nilisubiri aondoke, nikaufunga mwenyewe kwa kuukalia kidogo. Ulifunga. Kuna sauti ilitoka, lakini haikurudia.

Mfuniko wenyewe una matundu, na matundu huingiza vumbi, kwa hiyo niliifunika kompyuta kile kitambaa cheupe cha kufuma alichotuachia mama. Kisha nikaiweka ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya kioo, katikati ya glasi za wageni na birika ambalo halijawahi kuona maji. Nyaya nilizipitisha nyuma. Dada, ilipendeza. Nilirudi nyuma hatua chache nikaiangalia, nikasema sasa hiki ni kitu cha mtu anayejiheshimu.

Wifi yako alirudi kutoka sokoni, akasimama mbele ya kabati kitambo, vifurushi bado viko mkononi, akaniuliza, "Mzee, hiyo inapumulia wapi?" Nikamweleza kwamba kompyuta haina mapafu. Tangu siku hiyo yeye anaitoa, mimi nairudisha. Yeye anaondoa kitambaa, mimi nakikuta kwenye kiti, nakikung'uta, nakirudisha. Hatukugombana hata siku moja. Tulikuwa tunapishana tu.

LALAMIKO LA TANO

Nimeliondoa. Lilihusu chakula kuchelewa siku alizokuwa na kazi nyingi, na nilipolisoma tena nikakumbuka kwamba saa zile mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati sina ninalofanya. Namba nimeiacha ili mpangilio usivurugike.

LALAMIKO LA SITA: FENI

Mambo yakawa kama shemeji alivyosema, jambo ambalo si kosa langu. Wifi yako akianza kuhamisha picha, diski inaondoka mbio, halafu baada ya muda si mrefu inaanza kutambaa. Alikuwa na programu inayoonyesha joto la diski, akawa anaikodolea macho kama muuguzi anayepima homa. "Imefika sabini na kitu," ananiambia, kana kwamba ni mtoto wetu.

Nilimweleza msimamo wangu na nakueleza na wewe. Kitu kinachofanya kazi lazima kipate moto. Mimi nilipokuwa nabeba mizigo stoo nilikuwa nalowa jasho, na hakuna aliyekuja kunibandika bamba mgongoni. Diski inayopunguza mwendo ikichoka ni diski yenye adabu, inajitunza yenyewe bila kusimamiwa. Tukianza kuipoza tutakuwa tunailea vibaya. Leo inataka upepo, kesho kibodi itadai mto, keshokutwa kipanya kitaomba likizo, na sisi tutabaki kuwahudumia.

Hakukubali. Alichukua feni ya chumbani kwetu akaielekeza kwenye kabati, milango ya kioo wazi. Kwa hiyo watu wazima wawili tulibaki na joto chumbani ili kijibao kinacholingana na chingamu kipigwe upepo. Nilipolalamika alinijibu kwa upole kabisa, "Si ukubali nailoni itoke, feni irudi?" Hapo ndipo nilipoona mtego. Maana ukishakubali kwamba kitu hakifanyi kazi sawasawa mpaka kivuliwe, umekubali yote. Friji nayo itavuliwa. Zulia litavuliwa, watu waanze kulikanyaga. Makochi yatavuliwa, watu waanze kuyakalia. Wakiyakalia yatabonyea, yatapauka, yatapata madoa, na mtu akiingia sebuleni atajua mara moja kwamba humu watu wameishi muda mrefu.

Nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu. Nikiyaona makochi yale kwenye nailoni yake, naona kama bado ni siku ile tulipoyashusha, mimi na yeye, tukicheka mlangoni kwa sababu yalikuwa hayapiti. Nikiyavua, basi siku ile imepita. Ndiyo maana nakuwa mkali kwenye nailoni. Naomba hili lisisomwe kwenye kikao.

LALAMIKO LA SABA: SIKU YA TUKIO

Siku hiyo mwalimu mkuu wa shule moja alikuwa anasubiri albamu ya mahafali yaliyokwisha kufanyika, na sherehe ya kuwapongeza wahitimu ilikuwa jioni ileile. Wifi yako alikuwa anahamisha picha zote kutoka kwenye kadi ya mpiga picha. Akatoka kidogo kuanika nguo. Mimi nikapita. Feni nikairudisha chumbani, kwa kuwa nilitaka kujinyoosha kidogo baada ya chakula. Kitambaa nikakirudisha mahali pake. Milango ya kabati nikaifunga, vumbi lilikuwa jingi siku hiyo. Kila nilichofanya, Mheshimiwa, kilikuwa cha kawaida.

Kompyuta ikazimika. Alipoiwasha ikasema haioni diski. Akafungua kabati, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiondoa haraka.

Hakupiga kelele. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu yangu tayari. Alichomoa nyaya moja moja, akazikunja vizuri, akazitia kwenye mfuko. Simu ya mwalimu mkuu ikawa inalia mezani na hakuipokea. Nilijitolea kumbebea kompyuta, maana sipendi abebe kitu kizito, akakataa. Mlangoni akageuka akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo, kwa kuwa ni ushahidi: "Miaka yote hii naishi humu kama mgeni. Siku nikirudi, nirudi kukaa. Sitaki kutunzwa."

Nimeyageuza maneno hayo huku na huku na bado sioni kosa langu. Tangu lini kutunza kukawa kosa? Mimi kila ninachokipenda nakitunza. Angekuwa hana thamani kwangu ningemwacha apate vumbi.

LALAMIKO LA NANE: MWENENDO WAKO WEWE

Hapa nakugusa wewe mwenyewe, Mheshimiwa Mwenyekiti, na naomba unisamehe mapema.

Nimearifiwa kwamba shemeji alikuja kwako siku ileile, akaifungua kompyuta juu ya meza yako ya chakula, akaivua pedi nailoni zake pande zote mbili, nawe ukiwa hapohapo umeshika taa, na hukupinga. Akabadilisha bamba akaweka jembamba, mfuniko ukafunga bila kukaliwa. Akaiinua kompyuta juu ya vizibo vya chupa ili hewa ipite chini yake. Diski ikapoa, ikaonekana, picha zote zilikuwemo, na mwalimu mkuu akapata albamu yake kabla wageni hawajatawanyika. Wewe ukanipigia simu kunieleza haya kwa furaha. Ukasema sasa hata afanye kazi mchana kutwa, ukiweka mkono juu yake ni vuguvugu tu, kama sahani iliyotoka kuoshwa.

Nashukuru kwa taarifa. Lakini umeelewa ulichofanya? Umeondoa sababu ya mke wangu kurudi. Kompyuta mbovu inahitaji kurudi kwa wenyewe. Kompyuta inayofanya kazi haina haraka.

Tena nimearifiwa, na mtu ninayemwamini, kwamba wifi yako ameonekana amekunja miguu juu ya kochi lako, lile lililochanika upande wa mkono, ana kikombe cha chai, na chini ya kikombe hakuna kisahani. Na kwamba alikuwa anacheka. Huyo mtu anasema alimsikia akiwa barabarani. Nimejaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho kicheko chake kilisikika nje ya nyumba yetu, nikashindwa. Nimeliweka hili kama lalamiko kwa sababu sikujua niliweke wapi.

LALAMIKO LA TISA: FENI, KWA MARA NYINGINE

Feni mmeniachia. Nilikuwa naidai, sasa ninayo, inanipuliza peke yangu mpaka nasikia baridi. Naizima, naona kimya kimezidi, naiwasha. Mchana nakaa jikoni kwenye stuli ya mbao, maana stuli ndivyo viti pekee nyumbani visivyo na nailoni. Zamani zilikuwa mbili, yangu na yake, tulikuwa tunakaa hapo sote, tunakula hapo, tunaongea hapo, na sebule tunaiangalia kwa mbali. Ya pili ipo bado. Sina la kulalamika hapa, nimeona tu mjue hali ilivyo.

MAOMBI

Kwa kuzingatia yote niliyoyaeleza, naomba Kikao kiamue kwamba shemeji yangu fundi asibandue tena kitu chochote cha familia hii bila kibali cha maandishi. Naomba vile vipande viwili vya nailoni ya buluu vitafutwe kwenye taka zako, visafishwe, virudishwe. Boksi lake ninalo. Naomba iwe sheria ya familia, kuanzia sasa na kwa vizazi vijavyo, kwamba kitu kipya kibaki kipya, na mwenye kutaka kukaa atafute stuli.

Na ombi langu kubwa, ambalo hata mkikataa mengine yote naomba msilikatae, ni kwamba kompyuta irudishwe nyumbani pamoja na vifaa vyake vyote kama ilivyoondoka, yaani waya wa umeme, kibodi, kipanya na wifi yako, kwa kuwa yeye ndiye pekee anayejua nywila. Mimi siijui na sina mpango wa kujifunza. Kompyuta ikija bila yeye sitaipokea. Itakuwa imepungua, na mtunza stoo hapokei mzigo uliopungua.

Nisalimie mume wako na watoto. Msalimie jirani yako wa mkono wa kulia, na umshukuru kwa taarifa. Nimeshamtaja, basi tena. Msalimie shemeji yangu fundi, mwambie sina kinyongo naye hata kidogo, isipokuwa kwenye lalamiko la kwanza, la pili, la tatu, la nne na la nane. Wifi yako usimsalimie kwa niaba yangu, asije akadhani nimelainika. Muulize tu kama anakula.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mtunza Stoo Mstaafu.

NYONGEZA: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga. Nimechana bahasha ili niongeze haya, kwa hiyo usishangae ikikufikia imebandikwa.

Nilitaka kukuambatanishia maelezo ya hali ya nailoni ya makochi, iwe ushahidi kwamba kutunza kunawezekana. Nikainua kona moja niikague. Ikakatika mkononi, imekauka kama ganda la kitunguu. Nikasema nitoe kile kilichokatika tu. Sasa kochi kubwa liko wazi, na lile dogo, na viti vyake vyote, na jirani amegonga mlango kuuliza kama kuna mtu anachana mabati.

Dada, makochi yetu ni ya kijani.

Nailoni ilikuwa imegeuka rangi taratibu na sisi tunaiangalia. Watu wakiniuliza mimi nawaambia ni ya kahawia. Nilinunua hata mapazia ya kahawia yafanane nayo. Mke wangu alisema hayaendani, nami nikamwambia, mbele ya muuza mapazia, kwamba yeye hajui rangi. Mtu anayeishi kwa kusawazisha rangi za nyuso za watu, nilimwambia hivyo, akachukua upande wake wa mapazia tukabeba. Makochi aliyachagua yeye. Alinizungusha duka zima akitafuta kijani hicho, na tangu tukiingize ndani hajawahi kukigusa kwa mkono wake.

Kwa hiyo yote niliyoandika huko juu yafute. Diski iacheni ilivyo, na nailoni ya buluu itupeni. Kabati nimelifungua, kitambaa cha mama nimekikunja, meza ya dirishani nimeitoa vitu vyote ili kompyuta ipate hewa, kama itakuja.

Mwambie ni kijani kizuri sana, na kwamba alikuwa sahihi kuhusu mapazia. Makochi sijayakalia. Hapa naandika nimesimama. Mwambie namwomba aje akae yeye kwanza.